Punje Zilizopinda

Zarina alikuwa mtu wa adabu mno, na nikwambie mapema, adabu hiyohiyo ndiyo iliyotaka kumponza. Alizaliwa Tanga mjini, akalelewa na mama aliyeamini kwamba mtoto akimsahihisha mkubwa basi amekosa malezi. Mkubwa akisema leo Jumanne nawe unajua ni Jumatano, unanyamaza, unamwachia siku zimwambie zenyewe. Zarina aliondoka Tanga miaka ya sabini na mumewe Nizar, wakaacha nyumba, wakaacha duka, wakaacha makaburi. Adabu alikuja nayo hadi Toronto, na uwanja wa ndege hakuna aliyeikagua.

Mwaka 1994 walikuwa wanakaa Scarborough, ghorofani, lakini duka lao la dobi lilikuwa upande wa pili wa jiji, magharibi, barabara ya Dundas. Kila asubuhi basi, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi tena. Mtaa ule ulijaa watu wa Malta. Wana kanisa lao, mikate yao, bendi yao ya matarumbeta, na lugha yao ambayo Zarina akiisikia kwa mbali alidhani Waarabu wanagombana.

Siku moja ya baridi akaingia dukani bibi mfupi, amevaa koti jeusi, amekumbatia kifurushi kama mtoto mchanga. Akakiweka juu ya kaunta, akakifungua. Kilikuwa kitambaa cha meza, na ukingo wake wote ni lesi ya hariri ya rangi ya maziwa.

"Maji ya vuguvugu," bibi akasema kwa Kiingereza chake kizito. "Sabuni kidogo. Pasi, hapana. Ukiipiga pasi nitaleta kiti, nikae hapa mlangoni kwako, niwasimulie wateja wako wote ulichofanya."

Zarina alikuwa ameshainama juu ya ule ukingo. Kufuma alikujua, usimwone hivi. Kule Tanga yeye na mama yake walifuma vitambaa kwa ndoano mpaka nyumba nzima ikavishwa: viti, redio, jagi la maji, hata birika ambalo halikutumika. Lakini kitu hiki hakikupita kwenye ndoano. Kilikuwa nyuzi zimesukwa kama nywele, na kati ya misuko kumejaa punje ndogondogo, nene tumboni, zimechongoka ncha mbili, kila moja sawa na mwenzake. Punje nne zikikutana zilifanya msalaba. Akaigusa moja kwa ncha ya kidole.

"Hii imefumwaje, mama?"

Neno mama lilimtoka tu. Mama yake mwenyewe alikufa Tanga wakati Zarina yuko Toronto hana hata karatasi za kusafiria, akazikwa na majirani, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mtu yeyote hivyo. Aliona aibu. Bibi naye alimtazama, si usoni, mikononi.

"Njoo Jumapili baada ya misa," akasema. "Kata kucha kwanza."

Huyo ndiye Karmena, mjane kutoka kisiwa cha Gozo, ambako anasema wasichana walifundishwa lesi kabla hawajafundishwa kusoma.

Basi Zarina akaenda. Nizar alidhani mzaha. Mke wake anafanya kazi siku sita, ya saba anapanda mabasi yaleyale kwenda mtaa uleule, kwa hiari yake. "Mama Almina, wewe umelogwa," akamwambia. Zarina akacheka, akafunga kaimati kwenye bakuli la kumpelekea bibi, akaondoka.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna mto mrefu, mgumu, umeshindiliwa majani makavu, unaegemezwa ukutani nawe unaukumbatia kwa magoti. Juu ya mto kuna kadi yenye vitundu, na kwenye vitundu unachomeka pini. Nyuzi zinaning'inia, kila uzi umezungushiwa kijiti chake kidogo cha mti wa matunda, na unaposuka vijiti vinagongana, tika tika tika, mpaka chumba kizima kinapata sauti. Wiki za kwanza Zarina alisuka misuko tu. Kisha akafundishwa kufuma pale panapojaa kama nguo. Kisha palipo wazi kama chandarua. Akikosea, Karmena hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akafumua, akamrudishia vijiti. Zarina alipenda hilo kuliko sifa.

Na walikuwa wakihesabu kwa sauti, kila mtu kwa lugha yake, maana Kiingereza kiliwachosha wote wawili. Moja, mbili, wapi, hakuna wanapokutana. Lakini wakifika sita wanakutana, saba wanakutana, tisa wanakutana, neno karibu lilelile, na kila mara Karmena alimtazama Zarina kwa jicho la kumshuku, kana kwamba amemwibia. Jumapili zile zilikuwa tamu. Bibi alimpa chai kwenye glasi na vitumbua vyao vya jibini vinavyomwaga makombo kifuani, akamfuta makombo kwa mkono wake mwenyewe. Zarina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, ana binti chuo kikuu, na kila alipofutwa kifua alijisikia mtoto, akapenda kujisikia hivyo.

Majira ya kuchipua ndipo alipofundishwa punje.

Punje ni mtihani. Sehemu nyingine zote za lesi zina pini za kuzishika, lakini punje haina pini. Unashika vijiti vinne. Vitatu vinasimama, kimoja kinatembea: juu, chini, juu, kinarudi. Ukivuta sana, punje inakonda. Ukilegeza, inavimba. Umbo lake lote liko kwenye vidole vyako. Ukishaimaliza, kile kijiti kinachotembea usikiachie kining'inie, hata kwa kukohoa, maana uzito wake utauvuta uzi na punje yako itajikunja pale pale kama mdudu aliyeguswa. Zarina aliharibu punje nyingi sana. Alizitupa kwenye kopo la kahawa, na Karmena akawa anatikisa kopo akimwonyesha linavyojaa. Mpaka Jumapili moja ya Juni akatoa punje iliyonyooka, nene tumboni, kali ncha zote mbili, na ya pili yake ikafanana na ya kwanza. Karmena akaisogelea karibu sana, pua ikakaribia kugusa uzi.

"Hii inakaa," akasema. Basi. Zarina akarudi Scarborough akitabasamu ndani ya treni peke yake, watu wakamtazama.

Hapo ndipo Karmena alipomwambia habari ya madhabahu. Kila Februari watu wa Malta wana sikukuu ya mtakatifu wao aliyevunjikiwa na meli kisiwani kwao, na kwa sikukuu ijayo yeye alikuwa ameahidi kanisani ukingo mpya wa kitambaa cha madhabahu. Ukingo mrefu, wa punje. Kule kanisani waliobaki wanaojua punje ni vikongwe kama yeye, vidole vimekwisha, lakini macho yao ya kuchungulia kazi ya mwenzao yako palepale. "Nusu mimi, nusu wewe," akasema. "Kisha tunaunga."

"Mimi? Si wa kanisa lenu, mama."

"Mtakatifu mwenyewe alikuwa mgeni," Karmena akasema. "Shika vijiti."

Nizar aliposikia alikuna kidevu. "Yaani wewe unatoka kusali jamatkhana Ijumaa, Jumapili unafuma kitambaa cha madhabahu."

"Ninafuma ukingo, baba Almina. Watakachoweka juu ni chao."

Nizar akafikiri, akaona halina ubishi, akaomba chai.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Mwezi wa Agosti, wamekaa mito miwili bega kwa bega, Zarina akatupia jicho upande wa mwalimu wake akaona punje imepinda. Akadhani kivuli. Akatazama iliyofuata, nayo imepinda: tumbo limeangukia upande mmoja, ncha ya chini imekunjamana. Karmena alikuwa amekosea kijiti. Alikivuta kile kinachotembea badala ya kile kinachosimama, na hakuona. Akaendelea, tika tika tika, uso umetulia kabisa. Ndipo Zarina akakumbuka jinsi bibi alivyosogeza pua kwenye ile punje ya Juni. Akakumbuka pia siku alipomimina chai nje ya glasi na kusingizia meza.

Mama Karmena alikuwa anapofuka, na alikuwa hajamwambia mtu.

Mtu mwingine angesema. Wewe pengine ungesema. Zarina kinywa kikamwia kizito. Amwambieje mama mtu mzima, mwalimu wake, kwamba kazi aliyoifanya tangu akiwa mtoto leo inamshinda? Jumapili ile akanyamaza, na iliyofuata akanyamaza, na punje za Karmena zikazidi kupinda. Na kwa sababu za Zarina zilikuwa zimenyooka, mto kwa mto, tofauti ikaanza kuonekana vibaya. Mgeni yeyote akiingia ataona nani mwalimu na nani mwanafunzi, na ataona kinyume.

Basi unajua alifanya nini? Akaanza kupinda za kwake. Makusudi. Alikivuta kijiti kisichostahili kuvutwa, akaliangusha tumbo la punje upande uleule, akaikunja ncha. Ilimuuma kila alipofanya, maana vidole vilikuwa vimeshajua haki yake ni ipi. Lakini alijiambia afadhali wote wawili tuwe wabaya kuliko yeye peke yake aaibike. Mambo ya adabu hayo. Na mpaka hapo Zarina alijiona ametenda wema.

Akaja kustuliwa na mteja. Novemba, bibi mmoja wa Malta alikuja kuchukua koti la mumewe, akaegemea kaunta akinong'ona kwa furaha. Wanawake wote wa kanisa wanaungojea ukingo wa Karmena, akasema. Siku ya sikukuu watapanga foleni kuugeuza kwa kidole, upande wa mbele na upande wa nyuma, kama walivyofanya mama zao. "Karmena hana mpinzani," akasema. "Alimcheka dada yangu mbele ya watu kwa punje moja tu." Akalipa, akaenda zake.

Zarina akabaki ameshika hanga. Aliona foleni ile. Alimwona Karmena amesimama pembeni na koti lake jeusi, anangoja kusifiwa, haoni nyuso za watu zinavyobadilika. Akatambua kuwa alichokuwa anamfichia kinakwenda kufunuliwa madhabahuni, na yeye ndiye aliyekibeba mpaka pale. Akinyamaza, mama atavunjiwa heshima mbele ya kisiwa chake kizima. Akisema, huenda mama akamfukuza, naye mama mwingine wa kumpoteza hakuwa naye. Akakaa kwenye kifurushi cha nguo chafu.

"Sema," Nizar akamwambia jioni ile wakila, alipokwisha kusimuliwa yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Ulikosa kumuaga mama yako kwa sababu ulikuwa mbali. Huyu uko naye karibu."

Jumapili iliyofuata Zarina hakupeleka kaimati. Alikaa, hakushika vijiti.

"Mama," akasema. "Punje zako zimepinda."

Vijiti vya Karmena vikanyamaza. "Ipi?"

"Zote. Tangu Agosti."

Karmena hakubisha. Akashusha kidole gumba juu ya lesi, akakipitisha polepole, punje kwa punje, akirudi juu mpaka alipofika palipokuwa bado pazuri. Pale kidole kikasimama.

"Na zako?"

"Zangu nazo zimepinda."

"Zako kwa nini? Una macho."

"Nilizipinda mwenyewe," Zarina akasema. "Ili zifanane na zako. Nisikuaibishe."

Karmena akainuka kwenye kiti chake, akiushika ukuta.

"Mimi nimeharibu kwa macho," akasema. "Macho nimepewa na Mungu, ameyachukua Mungu. Wewe umeharibu kwa mikono mizima. Mikono niliyoifundisha mimi. Nenda nyumbani."

Zarina alilia tangu Dundas mpaka Scarborough. Alilia kwenye basi, akalia kwenye treni, na mwanamke mmoja wa Jamaika asiyemjua akampa karatasi ya kufutia machozi na kumshika goti hadi kituo chake. Jumapili iliyofuata hakuitwa, wala ile ya baada yake. Kila kengele ya mlango wa duka ilipolia aliinua kichwa, na Nizar akajifanya hamwoni. Alikuwa amempoteza, alijua hivyo. Alichohuzunika zaidi si kwamba alisema. Ni kwamba alichelewa.

Desemba theluji ilianguka ya kufunika viatu. Asubuhi moja kengele ikalia, mlango ukashikiliwa na Bernard, mtoto wa kiume wa Karmena, amebeba mito miwili begani na jasho linamtoka ingawa nje ni barafu. Nyuma yake mama yake, ameshika fimbo ambayo Zarina hakuwahi kuiona.

"Kiti," Karmena akasema.

Zarina akaleta viti viwili. Wakakaa nyuma ya kaunta, katikati ya makoti ya watu yaliyovishwa nailoni. Karmena akatoa mkasi mfukoni, akaipapasa lesi yake mpaka akapata punje yake ya mwisho iliyonyooka, akakata. Miezi yote ile ikaanguka sakafuni. Kisha akampa Zarina mkasi.

"Sasa wewe."

Zarina akakata ya kwake. Bernard alitazama pembeni, na Nizar akajishughulisha na risiti ambazo hazikuwa na kazi.

"Wiki hizi zote," Karmena akasema, "nilikuwa nakukasirikia wewe. Ni rahisi kuliko kuyakasirikia macho." Akatafuta mkono wa Zarina, akaupata. "Unisamehe, binti. Sasa sikiliza. Misuko naweza bila kuona. Punje ni zako. Nitasuka, nikifika kwenye punje nakupa vijiti, ukimaliza unanirudishia. Mto mmoja. Ukikosea nitajua."

"Utajuaje, mama?"

"Nitasikia."

Na kweli alisikia. Kila siku baada ya kufunga duka walikaa saa moja au mbili, magoti yao manne yameukumbatia mto mmoja, vijiti vinavuka kutoka mikono ya mmoja kwenda ya mwingine. Kijiti kikishuka ghafla, Karmena aliyekuwa amefumba macho alisema, "Umekiachia." Zarina akafumua. Zarina naye alijifunza kusema. Mara ya kwanza ilimtoka kwa shida kama mfupa kooni: "Mama, msuko huu umelegea." Karmena akafumua bila neno. Mara ya pili ikawa nyepesi. Kufika Januari walikuwa wanasahihishana kama maseremala wawili, hakuna anayeomba radhi, na Nizar alimwambia mkewe nyumbani kwamba sasa hata yeye anaogopa kuchanganya chumvi kwenye mchuzi.

Siku moja kabla ya sikukuu wakamaliza. Wakaunga vipande vyote: vile vya kabla ya Agosti vya Karmena, vya kabla ya Agosti vya Zarina, na hivi vipya vya wote wawili. Zarina akachomoa pini za mwisho, akautandaza ukingo juu ya kaunta ileile. Mwanga wa mchana uliingia dirishani. Ulikuwa ukingo mzuri, mzuri kweli.

"Nipe," Karmena akasema.

Akaushika kwa mikono miwili na kuanza kuupitisha chini ya kidole gumba. Macho yake sasa yalikuwa yanatazama makoti, hayakuwa na kazi tena. Kidole kilikuwa kinakwenda taratibu, na midomo yake inasema. "Hii yangu," akasema. Zarina akatazama, kweli yake. "Yangu. Hii yako, unalivuta kidogo tumbo. Yako. Yako." Alikuwa hakosei. Zarina alimfuata punje kwa punje, pumzi ameishika, maana aliona jinsi uso wa bibi ulivyokuwa ukichangamka kila alipoikuta kazi yake mwenyewe ya zamani, ile ya siku alizokuwa anaona.

Kidole kikafika kwenye punje moja kikasimama. Karmena akaibinya, akaigeuza, akaipapasa ncha ya juu na ncha ya chini. Akatabasamu tabasamu kubwa ambalo Zarina hakuwahi kuliona kwake.

"Hii yangu," akasema. "Ona hii. Hii nilifuma vizuri sana."

Zarina akaitazama. Aliijua. Aliifuma yeye, Januari, kwenye kiti kile alichokikalia. Kunyamaza hapo kulikuwa rahisi mno, na kungekuwa wema. Bibi angeondoka na furaha yake, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni yangu."

Karmena akairudia ile punje kwa kidole, akairudia tena, kisha akaenda nyuma kwenye moja aliyokuwa na hakika ni yake, akailinganisha, akarudi. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Zarina akaogopa, akafungua kinywa apate kusema lolote la kumpoza, bibi akainua mkono kumzuia.

Akauinua ukingo, akaigusisha punje ile kwenye midomo yake, akaishikilia pale, macho yakamlengalenga machozi.

"Mara hii hukuchelewa," akasema, na kidole chake kikaendelea.